Odinatere za Sosiete: Fundi Wake Ni Nani?

Vijana wenzetu,

Mashini ikikufa ku biro ya sosiete kubwa hapa Lubumbashi, nani anaitwa? Tunauliza, lakini jibu tunalijua. Simu inapigwa kwanza Johannesburg ao Kinshasa. Kule banajibu: fundi atakuja juma lijalo, akipata ndege. Tikiti, hoteli na gari vinalipwa kwa dola. Na fundi akifika, mara nyingi anatafuta kijana wa Katuba ao wa komini ya Kenya amusaidie.

Mmoja wetu aliitwa hivyo, siku ya mushahara. Umeme ulikatika, ukarudi na nguvu, seva ikaungua. Wafanyakazi walikuwa wanangojea pesa, wengine walikwisha kukopa unga ku duka. Mukubwa wa kazi alikuwa mbali, anaongoza ku simu. Kijana wetu alikuwa chini ya meza na tochi mudomoni: akabadilisha kipande kilichoungua, akarudisha data toka kopi ya juma lililopita. Akamaliza usiku sana. Kwa fakture liliandikwa jina la sosiete ya mbali. Yeye alipewa pesa ya taksi na Simba moja, ya baridi, hilo hatukatai.

Siye tunasema: kazi hii ni ya watu wa hapa, na si kwa huruma. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inasema kazi ambazo sosiete inapatia wengine ili zisaidie kazi yake kubwa, zipewe sosiete za Wakongomani, zenye mtaji wa Wakongomani na makao hapa inchini. Kama ujuzi haupatikani, mgeni anaweza kuitwa, lakini kwa kazi isiyopita miezi sita. Sheria hiyohiyo inalazimisha sosiete kubwa kuwa na mpango wa kufundisha Wakongomani. Sasa, nani atatuambia kama ujuzi wa kutengeneza odinatere haupatikani mu mji wenye UNILU na Shule ya Juu ya Informatiki Salama?

Tena fundi wa hapa anajua mambo ambayo haiko mu kitabu cha mashini. Anajua vumbi nyekundu ya kiangazi inavyojaza vantilateri. Anajua umeme wetu, kwa hiyo ataomba batri na stabilizateri mbele ya kuuzisha seva mupya. Na saa mbili usiku anaweza kufika na moto.

Lakini tusidanganyane. Kuna ujanja mubaya kuliko ile ya ndege: kuazima jina. Mukongomani anaweka sini ku karatasi, anakula kidogo yake, na mgeni anabaki mwenye sosiete. Huyo naye anakodi kijana kwa siku, bila kontra. Karatasi iko safi, kijana anabaki chini ya meza. Ndugu yetu anayeazimisha jina lake anatuuzisha siye wote.

Na siye mafundi je? Kuna wenzetu wanaopokea laptopu ya mutu na kuirudisha na memwari ndogo kuliko ile iliyokuja nayo. Kuna wanaoweka programu za wizi, kisha virusi inakula hesabu ya mwaka muzima. Kuna anayefungua picha za mwenye mashini. Mkubwa wa sosiete akiogopa kutupatia funguo ya seva yake, woga wake hautoki hewani. Ndiyo maana tunaomba mafundi wajiunge watatu, wane, waandikishe sosiete yao ku Guichet Unique, waandike kila kazi waliyofanya, watoe garanti na kulinda siri ya muteja.

Kwa ARSP, iliyoundwa 2018 kusimamia sheria hii: msikague karatasi peke yake. Ingieni ku biro, muulize nani alifungua mashini mara ya mwisho, alilipwa ngapi, na kontra yake iko wapi.

Kwa sosiete za Lubumbashi: kontra ya mwaka ujao iandikwe na jina la fundi wa hapa, saa anazopaswa kufika, na bei yake.

Na wewe kijana unayeitwa leo usiku: mbele ya kufungua mashini, omba karatasi yenye jina lako.