TAHARIRI: KIKOHOZI HIKI KIPIMWE



Alizeti imeanza kuingia ghalani, na pamoja na vumbi la magunia tunasikia vikohozi kutwa nzima. Ukimwuliza mtu anajibu, "Aa, hiki cha sigara tu, nimekizoea." Jibu hilo ndilo linatutia wasiwasi.

Mwenzetu mmoja alijibu hivyo miezi minne. Alipofikishwa zahanati, makohozi yakakutwa na kifua kikuu, na wajukuu waliolala naye chumba kimoja ikabidi wapimwe pia.

Tuelezane jambo lenyewe. Ndani ya njia za hewa mna vinywele vidogo mno, kazi yake kusukuma vumbi na uchafu juu ili tuuteme. Moshi wa sigara unavilaza. Chini kabisa mapafuni mna chembe za ulinzi zinazomeza vijidudu. Nazo moshi unazidhoofisha. Mlango wazi, mlinzi amelewa! Ndiyo sababu mvutaji ana hatari ya kuugua kifua kikuu mara mbili au zaidi ya asiyevuta. Na kwa vile amezoea kukohoa, anachelewa kwenda kupimwa, huku anawaambukiza wa nyumbani.

Wenzetu wa Urambo wanaishi kwa zao la tumbaku, hatuwasemi. Tunasema na mapafu yetu.

Wazee wanatuambia: "Nimevuta toka Azimio la Arusha, mapafu yamekwisha, niache ili iweje?" Hapana, mzee wetu. Hewa ya sumu itokanayo na moshi huisha damuni kwa siku chache tu. Kukohoa na kuhema hupungua kati ya mwezi 1 na 9. Baada ya miaka 10, hatari ya kufa kwa kansa ya mapafu hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea. Siku za mwanzo kikohozi chaweza hata kuzidi, maana vile vinywele vimeamka vinafagia; watu wengi hapo ndipo hutishika wakarudia sigara.

Lakini tusidanganyane. Mwaka 2024 watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Ufaransa, walionyesha kwamba sehemu moja ya kinga ya mwili hurudi mapema mtu akiacha, na nyingine hubaki na alama ya sigara miaka mingi. Kijana anayeanza leo ajue anakopa deni la muda mrefu.

Wakubwa wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, tulivyokaa vikundi kusikiliza redio kisha tukachimba vyoo. Mwaka 1977 nchi yetu ikaanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na namna yake ya kumfuata mgonjwa mpaka amalize dawa ikaigwa duniani. Kupimwa ni bure, dawa bure, kwa kawaida miezi 6. Basi visingizio vya nini jamani?

Kamati imekubaliana hivi: aliyekohoa wiki mbili, avute asivute, aende zahanati, zamu yake ya mizani tutamshikia. Ndani ya ghala sigara hakuna, wala kiko. Anayetaka kuvuta atoke mpaka kule kwenye mbuyu, na aangalie upepo unakoelekea, kwani akina mama wanapepeta mtama upande huu na watoto wako mgongoni.