Polisi Hawahitaji Daftari Lote la Nidhamu

Jamani, leo nina hasira, mnivumilie.

Mkuu wa shule moja inayotumia programu yangu alinipigia simu nikiwa kazini hapa Upper Hill. Bweni lilikuwa limeponea chupuchupu kuungua, na mpelelezi alikuwa ameketi ofisini kwake akitaka "rekodi zote". Zote! Nidhamu, maandishi ya mwalimu wa ushauri nasaha, karo, simu za wazazi. Niziweke kwenye flashi, haraka. Nikauliza: kuna agizo la mahakama? Namba ya OB je? Akaniuliza kama niko upande wa wachomaji.

Sipendi kabisa jibu hilo. Sitetei moto mimi. Kyanguli, 2001, walikufa wanafunzi 67. Moi Girls, si mbali na hapa, mwaka 2017, wasichana 10. Hillside Endarasha, 2024, wavulana 21. Lakini kesi ya Moi Girls iliishia mahakamani, mwanafunzi mmoja akapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, mbele ya jaji na mawakili wa kuuliza maswali. Flashi haina wakili.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimfungii polisi mlango. Kifungu cha 51 kinaruhusu data kutolewa ikiwa sheria au mahakama imeagiza. Kifungu cha 33 kinataka data ya mtoto ishughulikiwe kwa kulinda maslahi yake. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga shule moja ya Uthiru faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Picha tu! Sasa fikiria daftari ambalo mwalimu, akiwa na usingizi, ameandika "mtundu, ashukiwe".

Na maandishi hayo hayafi. Mwaka 2021, shule zilipokuwa zikiungua, DCI iliwaonya wanafunzi kwamba makosa yao yatawafuata hadi kwenye cheti cha tabia njema. Kwa aliyehukumiwa, tubishane. Kwa aliyeshukiwa tu akiwa na miaka 15, hapana.

Tena (hili linaniudhi zaidi) mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 unakataza vyuma kwenye madirisha ya mabweni na unataka milango ifunguke kwa nje. Mkuu yule hakunipigia kuniuliza kuhusu madirisha.

Kwa hivyo nimeongeza ukurasa kwenye programu. Anayetaka rekodi kwa ajili ya polisi ataandika namba ya jalada, jina la mwanafunzi mmoja mmoja na tarehe za tukio, kisha apakie agizo. Maandishi ya ushauri nasaha hayatoki bila agizo linaloyataja. Kila ombi linabaki kwenye kumbukumbu, na hata mimi siwezi kulifuta.

Mkuu amesema atatafuta programu nyingine. Sawa. Data ya wanafunzi wake nitamkabidhi yeye, si mpelelezi, na nitafuta nakala yangu siku hiyo hiyo.