Kano Moja, Kazi Mbili: Istilahi za Wayo Zitazamwe Upya

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Yamkini hawakumfikiria mgonjwa anayejikwaa kote kuwili: ameteguka mguu, na lugha ya kulieleza jeraha lake haimtoshi. Akiambiwa kwamba kano imeumia, hana njia ya kujua ni kano ipi, wala inafanya kazi gani.

Utata unaanzia kwenye neno mguu lenyewe, linalobeba kila kitu kutoka pajani hadi vidoleni. Chini ya kifundo pekee mna mifupa 26: 7 ya sehemu ya nyuma, kisigino kikiwemo, 5 ya kati na 14 ya vidole. Kwenye kifundo hukutana mifupa 3: muundi, mwenzake mwembamba wa upande wa nje, na talasi iliyokaa juu ya kisigino.

Neno kano nalo, katika matumizi ya kila siku, hutaja vitu viwili. Kano nene ya nyuma ya kifundo huunganisha misuli ya shavu la mguu na kisigino; ikikatika, mtu hushindwa kujiinua kwa ncha za vidole vya mguu huo. Kano 3 za ubavu wa nje wa kifundo, kwa upande wake, hufunga mfupa kwa mfupa. Wayo ukipindukia ndani ghafla, ile ya mbele ndiyo huumia mara nyingi zaidi. Majeraha ni mawili, tiba ni mbili, neno ni moja.

Talasi ndiyo shahidi mkuu. Hakuna msuli hata mmoja ulioshikizwa kwenye mfupa huo. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba kano ni uzi wa kuunganisha msuli na mfupa, basi, hawezi kueleza ni nini kinachoufunga mfupa huo mahali pake.

Wapo wanaodai kuwa istilahi za tiba zikopwe zote kama zilivyo, maadamu madaktari husomea kwa Kiingereza. Hoja hiyo ina uzito kwa wataalamu wanaosemezana wao kwa wao, haimfai mgonjwa. Isitoshe, majina hayo yanayoogopwa yalizaliwa katika maneno ya kawaida. Katika Kilatini na Kigiriki, mmoja wa mifupa ya wayo ulifananishwa na mashua ndogo, mitatu na kabari, na mwingine na mchemraba. Watu walitazama umbo, kisha wakataja walichokijua. Je, Kiswahili kimekosa mashua, kabari na mchemraba?

Inapendekezwa, basi, kwamba pasemwe kano ya msuli na kano ya kiungo. Majina hayo hayahitaji kamusi mpya, na kila moja linataja kazi yake. Talasi na ikopwe bila haya, mradi ifafanuliwe.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini urasmi haufasiri jeraha. Wanafunzi wa Kiswahili na wenzao wa tiba waketi pamoja mbele ya mifupa yenyewe kabla ya kuandika orodha yoyote ya istilahi. Anayeunda jina la kitu asichokiona kikifanya kazi ataunda neno la kukaririwa mtihanini tu, na mgonjwa ataendelea kuchechemea bila kuelewa.