Jina la Leso na Maandishi ya Fulana



Wiki iliyopita kijana mmoja wa chuo chetu, mwenye umri wa miaka 11, aliivua kanzu yake kwa ajili ya joto. Kifuani mwa fulana aliyovaa ndani palikuwa na maandishi ya Kiingereza ambayo hatukuthubutu kuyasoma mbele ya wenzake. Mama yake aliinunua mtumbani. Aliangalia mishono na rangi, na maandishi akayadhania kuwa ni pambo. Tulimwambia kijana aigeuze, ndani iwe nje. Hapo tukakumbuka kisa cha fulana zilizopata sifa nyingi huko Marekani.

Mwaka 2007 mji wa Seattle ulikuwa ukijenga njia ya tramu, yaani gari la reli lipitalo barabarani, yenye urefu wa kilomita mbili hivi, kutoka katikati ya mji hadi ukingoni mwa ziwa. Watu walizoea kuiita South Lake Union Trolley. Ajuaye Kiingereza na azikusanye herufi za mwanzo za maneno hayo manne. Atapata tusi atupiwalo mwanamke anayedhaniwa kuwa mzinifu. Sisi hatutaliandika. Mkahawa mmoja wa mtaani ukachapisha fulana zenye kuwaalika watu waipande tramu kwa jina hilo. Zikanunuliwa kwa pupa, magazeti yakazitangaza, na habari ikaenea mbali. Tramu ilipofunguliwa tarehe 12 Disemba 2007, jina lake rasmi lilikuwa South Lake Union Streetcar, lakini lile la mzaha lilikuwa limekwisha kuganda ndimini mwa watu.

Insafu yatutaka tuseme kwamba wenye mzaha hawakukosa sababu. Mtaa wao wa zamani, Cascade, ulikuwa ukigeuzwa sura. Sehemu kubwa ya ardhi ya pale ilikuwa mikononi mwa kampuni ya tajiri Paul Allen, mmoja wa waasisi wa Microsoft, na jina la mtaa likimezwa na jina jipya. Mnyonge asiyeweza kumzuia tajiri humcheka, na sisi watu wa pwani, tuliokwisha kuyaona ya ardhi, twakielewa kicheko hicho.

Lakini jiwe lilirushwa kwa tajiri, likampata nani? Tajiri hakupungukiwa na kitu. Kilichochezewa ni heshima ya mwanamke, ambaye hakuuza ardhi wala hakujenga reli. Msichana aliyewahi kutukanwa kwa neno lile alikuwa sasa alisome kifuani mwa mpita njia, na akikunja uso aambiwe hajui mzaha. Katika dini yetu neno hilo si dogo. Sura ya An-Nur, aya ya 4, imemwekea amsingiziaye mwanamke mtwaharifu, asilete mashahidi wanne, adhabu ya mapigo 80, na ushahidi wake haukubaliwi tena.

Ajabu ni kwamba katika jambo hili sisi tungestahiki kuwa walimu. Ni nani miongoni mwa kina mama wa Mombasa au Lamu anunuaye leso bila ya kuisoma? Huikunjua papo hapo dukani akatazama jina lake. Likiwa na fumbo litakalomchoma mkwe au jirani, huirudisha hata kama rangi zimempendeza. Leso moja imewahi kukatisha salamu baina ya nyumba mbili kwa mwaka mzima. Basi mama huyo huyo, ajuaye kwamba nguo husema, humvisha mwanawe fulana isemayo kwa lugha ngeni, wala hamuulizi mtu. (Vibandiko vya matatu tumeviacha kwa leo, navyo vina makala yake.)

Mama wa kijana alipokuja kumchukua, tulimwita kando tukamweleza maana ya maandishi yale. Alinyamaza, akajifunika uso kwa upindo wa buibui. Kisha akauliza, “Na ile ya dadake, Maalim, ya rangi ya waridi, imeandikwa nini?” Tulimwambia ailete Jumamosi.