Barua Isiyotaja Kazi
Kila ikaribiapo likizo ndefu, wanafunzi wa Kiswahili huanza kutafuta nafasi za uanagenzi redioni, magazetini na katika ofisi za serikali. Nimezisoma barua kadhaa za wenzangu, na nakiri kwamba yangu ya kwanza haikuwa tofauti: aya nzima ya maamkizi, orodha ya kozi, kisha ombi. Tena, ajabu ni kwamba zote zimeandikwa kwa Kiingereza!

Mhariri hatuajiri kwa sababu tulisoma Fonolojia (somo ninalolipenda mno). Anataka kujua iwapo twaweza kutafsiri taarifa ya habari kabla haijasomwa hewani. Hata Bungeni, ambako Ibara ya 120 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi, kuna mijadala ya kunukuliwa na nyaraka za kutafsiriwa. Je, kwa nini mwanafunzi asiambatishe kwenye wasifukazi wake ukurasa mmoja aliotafsiri mwenyewe? Kazi zetu za Tafsiri huishia katika mafaili ya idara. Wahadhiri wetu na watusahihishie barua hizi tangu mwaka wa pili, wala si wiki ya mwisho, tunapojipanga milangoni mwao na fomu mikononi.