Namba fupi yaweza kuzaa hasara ndefu

MAANDISHI "A4 70" kwenye ankara ya duka la vifaa vya ofisini yana maana ya karatasi yenye uzito wa gramu 70 kwa mita ya mraba. Maandishi hayo hayo, "A4-70", yakiwa yamegongwa kwenye kichwa cha bolti, yana maana ya chuma kisichoshika kutu, kinachostahimili mvuto wa nyutoni 700 kwa kila milimita ya mraba.

Orodha haiishii hapo. A4 ni gari la kampuni ya Audi lililoingia sokoni mwaka 1994. Ni barabara itokayo London kuelekea Bristol, nchini Uingereza. Aidha, ni aina ya garimoshi la mvuke la nchi hiyo hiyo, ambapo mojawapo, Mallard, liliweka rekodi ya kasi ya kilomita 203 kwa saa mwaka 1938.

Wapo wanaoona kufanana huko ni jambo la kuchekesha tu. Lakini herufi moja na tarakimu moja hutoa michanganyiko 260 tu, nayo inagombewa na viwanda vya dunia nzima. Kugongana hakukwepeki.

Makampuni makubwa yamekwishaonja machungu yake. Mwaka 1963 Porsche ilionyesha gari jipya kwa jina la 901. Peugeot, ile ile ya 404 na 504 zilizojulikana sana Afrika Mashariki, ilipinga, ikidai haki ya namba tatu zenye sifuri katikati nchini Ufaransa. Mwaka 1964 gari hilo likageuka kuwa 911. Nayo Intel, mwaka 1991, ilielezwa na mahakama ya Marekani kuwa "386" haiwezi kuwa alama yake ya biashara. Chipu yake ya mwaka 1993 ikapewa jina la Pentium badala ya namba.

Ni vyema ikaeleweka kuwa namba hizi ni za aina mbili. Ipo namba ambayo ni jina tu, kama ile ya gari, ambayo haimwambii mnunuzi lolote kuhusu ubora. Na ipo namba ambayo ni kipimo. Hii haina mwenyewe, na hapo ndipo ilipo thamani yake.

Karatasi ya A4 ilipangiwa kipimo Ujerumani mwaka 1922, kikawa cha kimataifa mwaka 1975: milimita 210 kwa 297. Karatasi 16 za namna hiyo hutimiza mita moja ya mraba. Kwa hiyo rimu ya karatasi 500 za gramu 80 haina budi kuwa na uzito wa karibu kilo 2.5, na ya gramu 70 karibu kilo 2.2. Ankara ikisema 80 na mzani ukasema kilo 2.2, mnunuzi ameibiwa, na ushahidi anao mezani.

Kwa bolti hatari ni kubwa zaidi. A2 na A4 kwa macho ni kitu kimoja. Hata hivyo, A4 imeongezwa madini ya molibdenamu ili kuhimili chumvi, na bei yake iko juu. Fundi wa mashua huko Mwambao akiuziwa A2 kwa bei ya A4, hasara haitaonekana dukani. Itaonekana baharini.

Dawa yake haina gharama. Oda itaje bidhaa kwa jina, kiwango kinachotakiwa, kipimo na uzito. Namba fupi ifuate nyuma. Mzigo ukifika upimwe kabla ya kutiwa saini. Wahenga walikwishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lenye "A4" peke yake halijaandikwa kitu.