Risala ya Akina Mama wa Dodoma: Nasaba Kabla ya Vinasaba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa Wizara ya Afya, waganga, wauguzi na ndugu zetu wote mliofika,

Sisi ni wanawake wa Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa na mitaa ya jiji hili. Baadhi yetu tumekatwa titi, wengine ni mabinti na wadogo wa waliokatwa, na wachache wamekuja kuwasemea marehemu. Tunajua risala huanza kwa pongezi ndefu. Mtuwie radhi, leo tunaziruka, maana muda tuliopewa ni mfupi na swali tulilo nalo ni zito. Ni swali la mabinti zetu: mama, na mimi nitaugua?

Tumeambiwa kwenye semina kwamba siku hizi swali hilo hujibiwa kwa hesabu. Vipo vikokotoo vinavyochukua umri wa mwanamke, umri aliovunja ungo, umri aliozaa mtoto wa kwanza na ugonjwa wa nduguze, kisha vinatoa asilimia. Kuna vingine vinavyoongeza vinasaba vyake.

Binti mmoja wa chuo alitufungulia kimojawapo kwenye simu. Ni kile kilichobuniwa mwaka 1989 na Mitchell Gail na wenzake wa Marekani. Tulimjazia dada mmoja wa Mvumi mwenye miaka 42, mzima wa afya. Kikauliza asili yake, na machaguo yote yalikuwa ya watu wa Marekani. Basi Mgogo wa Mvumi akawa Mmarekani Mweusi kwa kubonyeza kidole. Kikauliza alivunja ungo akiwa na umri gani. Yeye anakumbuka alikuwa darasa la sita. Kikauliza amewahi kukatwa kinyama cha titi ili kipimwe mara ngapi. Hajawahi. Kikauliza mama, dada na binti zake. Wote wazima. Kikampa asilimia ndogo, akafurahi, na sisi tukapiga vigelegele.

Kumbe dada huyo ana shangazi wawili waliokufa kwa vidonda vya ziwa. Kikokotoo hakikuuliza habari za shangazi. Lakini mtoto hurithi nusu ya vinasaba vyake kwa baba, na hitilafu ya kurithi inaweza kupita kwa mwanamume mzima wa afya, mwenye ng'ombe na wake wawili, ikamfikia binti yake bila mtu kuishtukia. Kwetu ukoo wenyewe huhesabiwa kwa baba, halafu tunapoulizwa habari za titi tunamtazama mama peke yake.

Hatukisemi vibaya chombo cha watu. Kilitengenezwa kwa takwimu za wanawake weupe wa Marekani, na mwaka 2007 yakachapishwa makadirio mengine kwa ajili ya Wamarekani Weusi. Kinawajibu waliohesabiwa. Vipo vipya zaidi, kama kile cha Chuo Kikuu cha Cambridge, ambavyo huuliza ukoo mzima, shangazi na bibi wakiwemo, na huchanganya vinasaba pia. Navyo msingi wake ni takwimu za Ulaya. Tena tazameni sifuri tuliyoijaza kwenye swali la kinyama. Mwanamke anayechunguzwa kila mwaka ana sifuri yake ya kinyama, na mwanamke ambaye hajawahi kufika penye mtaalamu wa kipimo hicho ana ya kwake. Kikokotoo kinazisoma kuwa kitu kimoja.

Kuna pia la kunyonyesha. Utafiti mkubwa uliounganisha takwimu za nchi nyingi, uliotoka mwaka 2002, ulionyesha kuwa kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani hii kwa takriban asilimia 4.3, mbali na nafuu inayotokana na kila uzazi. Mama wa Bahi aliyenyonyesha watoto sita, kila mmoja miaka miwili, ana miezi 144 kifuani. Kikokotoo cha Gail hakikuuliza hata mmoja. Wala msituelewe vibaya, kunyonyesha si hirizi. Tupo hapa tulionyonyesha hivyo hivyo na tukaugua. Na kwa kuwa tupo kwenye nchi ya zabibu, tuseme pia kwamba pombe huongeza hatari, iwe mvinyo wa dukani au ya kienyeji. Afadhali waelimishaji walisisitize hilo kuliko kutumalizia muda kwa maneno ya mtaani kwamba kuweka noti kwenye sidiria huleta saratani.

Hata kama kikokotoo kingeuliza shangazi, tungejibu nini? Wale wawili walikufa nyumbani. Mmoja ilisemwa jipu, wa pili ilisemwa karogwa na mke mwenza. Hakuna karatasi iliyoandika ugonjwa. Na si kwamba wazee wetu hawana kumbukumbu. Ugogo watu walihesabu miaka kwa njaa, na ile ya Mtunya, ya zaidi ya miaka mia moja iliyopita, bado inatajwa. Bibi anaweza kukwambia nani alizaliwa njaa gani na aliolewa kwa ng'ombe wangapi. Tatizo ni namna tunavyomuuliza. Mwulize "kuna historia ya saratani katika familia?" atajibu hakuna. Mwulize "nani katika ukoo aliyeoza ziwa?" atavuta kigoda, aanze kutaja majina.

Mheshimiwa, neno vinasaba limetoka kwenye nasaba. Mnatuahidi vinasaba, na nasaba zetu bado hazijaandikwa.

Tuje kwenye vinasaba vyenyewe. Hapa nchini mwananchi wa kawaida akisikia kipimo cha vinasaba anamfikiria Mkemia Mkuu wa Serikali na kesi za kumtafuta baba wa mtoto. Wanaume wakikisikia hutazama chini. Wachache wanajua kwamba mwaka 1990 Mary-Claire King wa Marekani alionyesha mahali ilipo hitilafu ya kurithi inayoleta saratani ya matiti, na kinasaba chenyewe, BRCA1, kikapatikana mwaka 1994, kikafuatwa na BRCA2. Mwanamke mwenye hitilafu katika kimojawapo ana uwezekano wa karibu asilimia 70 wa kuugua kabla ya kutimiza miaka 80. Hao ni wachache kati ya wagonjwa wote. Lakini huko Nigeria, watafiti walioongozwa na Profesa Olufunmilayo Olopade walipima wagonjwa zaidi ya 1,000 na mwaka 2018 wakaeleza kuwa karibu mmoja kati ya kila wanane alikuwa na hitilafu ya kurithi. Wanawake wa Uganda nao wamepimwa. Sisi wa nyanda za kati tunasubiri nini?

Na kuna aina ya pili ya kipimo, inayojumlisha mamia ya tofauti ndogo ndogo za vinasaba, kila moja ikiongeza au kupunguza hatari kidogo. Alama inayotumika sana, iliyochapishwa mwaka 2019, inajumlisha 313. Ilijengwa kwa wanawake wenye asili ya Ulaya, na kwa wenye asili ya Afrika inakisia vibaya zaidi. Hata vile vinasaba vikubwa, mwanamke wa Kiafrika akipimwa huwa na nafasi kubwa zaidi ya kurudishiwa jibu kwamba imeonekana tofauti fulani ambayo maana yake haijajulikana. Huna ulichojua, na usingizi umepotea.

Msituambie kwamba haya ni makubwa mno kwa nchi yetu. Sikoseli ni ugonjwa wa vinasaba, na Profesa Julie Makani na wenzake wa Muhimbili wameufanyia utafiti unaosomwa dunia nzima. Hapa hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa imeshapandikiza uloto kwa watoto wenye sikoseli. Uwezo upo, zamu yetu ndiyo haijafika.

Hata hivyo, na hapa sisi wenyewe tulibishana sana wakati wa kuandika risala hii, hatuombi mashine ya vinasaba iwe ya kwanza. Tathmini ya huduma za matiti nchini ya mwaka 2017 ilieleza kuwa takriban asilimia 80 ya wagonjwa hugunduliwa ugonjwa ukiwa umefika hatua ya tatu au ya nne. Mwenzetu mmoja alizungushwa kwa dawa za jipu miezi saba kwenye zahanati, na zahanati hiyo hatuitaji. Mtu kama huyo ukimwambia ana hatari ya asilimia 30, umemsaidia nini? Kwa hiyo la kwanza ni kinyama: sampuli ichukuliwe hapa mkoani, na mwanamke aliyekuja na uvimbe apate jibu kamili ndani ya siku 60, ambao ndio muda uliowekwa na Shirika la Afya Duniani. Wengi wetu mionzi tuliifuata Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Tangu katikati ya 2024 treni ya umeme imetufupishia safari, tunashukuru, ila haitulipii chumba cha kulala wiki tano Dar es Salaam. Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ni ya 2023, itamke wazi kinyama, mionzi na malazi ya mgonjwa.

La pili halihitaji mkopo wa nje. Kadi ya kliniki ya mama na mtoto iongezwe maswali mawili, la upande wa mama na la upande wa baba, kwa Kiswahili ambacho bibi anakielewa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kuyauliza. Ukoo wenye wagonjwa wawili au zaidi, au mgonjwa wa chini ya miaka 40, au mwanamume aliyeugua titi, uitwe uchunguzwe mapema. Mkishafanya hivyo, watafiti waje na mirija yao ya damu, kwa idhini yetu, na majibu yaturudie sisi kabla hayajaenda kwenye mikutano ya ughaibuni.

La tatu ni hofu, na hili mabinti ndio walioling'ang'ania. Kwetu kabla ya posa ukoo huchunguzwa: wana kifafa, wana ukoma, wana uchawi? Jibu la kinasaba likivuja litaongezwa kwenye orodha hiyo, na binti atakataliwa kwa ugonjwa ambao hajaugua na pengine hataugua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti. Tunadai itumike hospitalini na kwenye mashirika ya bima, na anayepimwa apate mshauri wa kumweleza kabla na baada ya kipimo. Mume aketi naye hapo, ikiwa mke ataridhia.

Pamoja na risala hii tunakukabidhi kaunta buku moja. Tumeanza kuandika humo koo zetu, kuumeni na kukeni, kwa majina na kwa namna kila aliyeugua alivyoelezwa na wazee. Mwandiko si mzuri na kurasa nyingi bado ni nyeupe. Tunaomba itunzwe kwa siri, na nakala yake turudishiwe ili tuendelee.